Kisukari na homa ya mafua: Neno la mhudumu wa afya lina uzito gani?

Homa ya mafua huua mamia ya maelfu ya watu duniani kila mwaka, na wenye maradhi ya kisukari ni miongoni mwa wanaodhurika zaidi. Chanjo ya kuwakinga ipo. Lakini je, madaktari na wauguzi wanaowahudumia wako tayari kuwashauri waipate?

Mgonjwa wa kisukari anayehudhuria kliniki, iwe mjini London, Muscat au Nairobi, anayajua vyema yanayomsubiri. Atapimwa sukari kwenye damu, shinikizo la damu na uzito. Ataulizwa anakula nini na kama anatumia dawa zake ipasavyo. Miguu yake itakaguliwa, isije ikawa na kidonda asichokihisi, na atakumbushwa kwenda kupimwa macho. Ni ziara yenye mambo mengi, na mara nyingi humalizika bila ya mtu yeyote kulitaja neno chanjo.

Kwa kulitazama juu juu, hilo ni jambo dogo. Hata hivyo, tafiti za nchi mbalimbali zinaafikiana katika hoja moja: miongoni mwa mambo yanayomfanya mgonjwa akubali kuchanjwa dhidi ya homa ya mafua, ushauri wa mhudumu wa afya anayemwamini ni moja ya yenye nguvu zaidi. Ushauri huo unapokosekana, wengi hawachanjwi, si kwa sababu wamekataa, bali kwa sababu hakuna aliyewaambia kuwa jambo hilo linawahusu.

Jina moja, maradhi mawili

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili, tatizo linaanzia kwenye lugha yenyewe. Neno mafua hutumika kwa kamasi na chafya za siku mbili tatu, na neno hilohilo hutumika kwa maradhi yanayoweza kumlaza mtu hospitalini. Mafua ya kawaida husababishwa na virusi vya aina nyingi, na mtu hunywa chai ya tangawizi na limau, akaendelea na shughuli zake.

Homa ya mafua, ambayo wataalamu huiita influenza, husababishwa na virusi vya namna nyingine. Huanza ghafla, kwa homa kali, kuumwa kichwa, maumivu ya misuli na viungo, kikohozi kikavu na uchovu unaoweza kudumu kwa wiki kadhaa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba kila mwaka watu wapatao bilioni 1 huambukizwa, kati yao milioni 3 hadi 5 wakiugua vibaya, na kwamba kati ya watu 290,000 na 650,000 hufariki dunia kutokana na matatizo ya upumuaji yanayoletwa na maradhi hayo.

Basi si ajabu mgonjwa anayeambiwa kuna chanjo ya mafua akatabasamu na kuuliza ni nani aliyekufa kwa mafua. Mhudumu wa afya asiyeitofautisha homa ya mafua na mafua ya kawaida huwa ameshindwa kueleza shauri lake hata kabla ya kulianza.

Kwa nini kisukari huongeza hatari

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, IDF, lilikadiria kuwa mwaka 2024 watu wazima milioni 589 duniani walikuwa wakiishi na kisukari. Kwa watu hao, homa ya mafua huja na madhara ya pande mbili.

Upande wa kwanza ni ule wa kinga. Sukari inapokaa juu kwa muda mrefu, chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hupungukiwa na uwezo wa kupambana na vijidudu. Virusi vikishalidhoofisha pafu, bakteria hupata nafasi ya kuingia, na homa ya mapafu, yaani nimonia, hufuata.

Upande wa pili ni sukari yenyewe. Mwili unapopambana na maambukizo hutoa homoni zinazoliamuru ini kumwaga sukari zaidi katika damu, na wakati huohuo insulini hupungua nguvu. Sukari hupanda hata kwa mgonjwa ambaye hakula chochote. Kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, hali hiyo inaweza kuzalisha tindikali za ketoni ambazo ni hatari kwa maisha. Kwa upande mwingine, mgonjwa aliyekosa hamu ya kula huku akiendelea na insulini au baadhi ya vidonge anaweza kushukwa na sukari hadi akapoteza fahamu.

Uzoefu wa mlipuko wa virusi vya H1N1 wa mwaka 2009 ulilidhihirisha jambo hili. Uchunguzi uliofanywa katika jimbo la Quebec nchini Canada ulionyesha kuwa kisukari kiliongeza mara tatu hatari ya mtu aliyeambukizwa kulazwa hospitalini, na miongoni mwa waliolazwa, kiliongeza mara nne hatari ya kuhitaji matibabu katika chumba cha wagonjwa mahututi. Nchini Marekani, kituo cha kudhibiti na kuzuia magonjwa, CDC, kinaeleza kuwa katika misimu ya karibuni, karibu asilimia 30 ya watu wazima waliolazwa kwa homa ya mafua walikuwa na kisukari.

Chanjo hufanya nini

Virusi vya homa ya mafua hubadilika kila mara, ndiyo maana chanjo yake hurudiwa kila mwaka. Wataalamu wanaoitishwa na WHO hukutana mara mbili kwa mwaka, mwezi Februari kwa ajili ya nchi za kaskazini mwa dunia na mwezi Septemba kwa ajili ya zile za kusini, ili kupendekeza aina za virusi zitakazotumika kutengenezea chanjo.

Chanjo hiyo haizuii kila ugonjwa. CDC inakadiria kuwa katika misimu ambayo chanjo imelingana vizuri na virusi vinavyosambaa, hupunguza kwa kati ya asilimia 40 na 60 hatari ya mtu kuugua kiasi cha kuhitaji daktari. Kuna wahudumu wa afya ambao hukitaja kiwango hicho kama sababu ya kutoishauri. Hata hivyo, kwa mgonjwa wa kisukari kuna swali lenye uzito zaidi ya lile la kuugua au kutougua: akiugua, atalazwa? Atapona?

Katika hilo kuna ushahidi. Mwaka 2016 watafiti wa chuo cha Imperial mjini London walichapisha matokeo ya uchunguzi wa kumbukumbu za watu zaidi ya 124,000 wenye kisukari cha aina ya pili nchini Uingereza, uliohusu misimu saba ya homa ya mafua. Katika majira ya homa hiyo, wale waliochanjwa walilazwa kwa kiharusi kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 30 kuliko wasiochanjwa, kwa moyo kushindwa kusukuma damu ipasavyo kwa asilimia 22 pungufu, na kwa nimonia au homa ya mafua kwa asilimia 15 pungufu. Vifo vya kila sababu vilikuwa pungufu kwa asilimia 24.

Uchunguzi mwingine wa Denmark, uliochapishwa mwaka 2020 na kuhusisha zaidi ya wagonjwa 240,000 wa kisukari, ulielekea upande huohuo: vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 17 miongoni mwa waliochanjwa.

Tafiti za namna hiyo zina mipaka yake. Huenda mtu anayekwenda kuchanjwa ndiye pia anayejitunza vizuri katika mengine, na ingawa watafiti hutumia mbinu za takwimu kuiondoa tofauti hiyo, haiwezekani kuiondoa yote. Hata hivyo, uhusiano wa homa ya mafua na moyo una maelezo ya kitabibu. Maambukizo huamsha uvimbe katika mishipa ya damu na kuongeza uwezekano wa damu kuganda, na wagonjwa wa kisukari ni watu ambao mishipa yao tayari iko hatarini.

Anayeshauri naye amechanjwa?

WHO, katika waraka wake wa msimamo wa mwaka 2022, imewaweka watu wenye maradhi sugu, kikiwamo kisukari, katika makundi yanayopaswa kupewa kipaumbele. Kundi jingine katika orodha hiyohiyo ni la wahudumu wa afya wenyewe. Makundi hayo mawili yanahusiana kuliko inavyodhaniwa. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kuwa daktari au muuguzi aliyechanjwa mwenyewe huwa mwepesi zaidi wa kumshauri mgonjwa wake achanjwe. Asiyechanjwa hukosa ujasiri wa kusema, au hulisema kwa ulegevu ambao mgonjwa huutambua mara moja.

England ni mfano wa kutazamwa. Katika msimu wa mwaka 2020 hadi 2021, wakati wa janga la UVIKO-19, zaidi ya robo tatu ya wahudumu wa afya wanaokutana na wagonjwa walichanjwa dhidi ya homa ya mafua. Katika msimu wa 2024 hadi 2025 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka chini ya nusu. Kwa upande wa wagonjwa, watu wa miaka 65 na zaidi huchanjwa kwa wingi, takriban robo tatu yao au zaidi. Lakini miongoni mwa walio chini ya umri huo wenye maradhi sugu, waliochanjwa katika msimu wa 2023 hadi 2024 hawakufikia nusu, ingawa chanjo wanapewa bila malipo.

Hapo ndipo linapojitokeza jambo la msingi. Bei si kizuizi kwao, wala chanjo haiko mbali. Kinachopungua ni mtu wa kumtazama mgonjwa usoni na kumwambia: hii ni yako.

Sababu za ukimya

Wahudumu wa afya wasioishauri chanjo hii si wazembe wote, na sababu zao zafaa kusikilizwa.

Ya kwanza ni muda. Daktari mwenye dakika 10 kwa kila mgonjwa huanza na lile linalomtisha zaidi, nalo kwa kawaida ni kiwango cha sukari au kidonda cha mguu. Chanjo husogezwa hadi ziara ijayo, na ziara ijayo huwa na dharura zake.

Ya pili ni kutojulikana ni kazi ya nani. Daktari bingwa wa kisukari hudhani daktari wa mtaani atalishughulikia, naye wa mtaani hudhani bingwa ameshalisema. China ni mfano mzuri wa pengo hilo. Hiyo ndiyo nchi yenye watu wazima wengi zaidi wenye kisukari duniani, na miongozo ya wataalamu wake inawataja wagonjwa wa maradhi sugu kuwa wa kupewa kipaumbele. Lakini kwa kawaida matibabu ya kisukari hutolewa hospitalini, na chanjo hutolewa katika vituo vya afya vya mitaani. Daktari anayemjua mgonjwa hana sindano, na mwenye sindano hamjui mgonjwa. Zaidi ya hayo, katika sehemu nyingi za nchi hiyo mgonjwa hujilipia mwenyewe, ingawa kuna miji iliyochukua njia nyingine. Beijing, kwa mfano, imekuwa ikiwachanja bure wakazi wa miaka 60 na zaidi tangu mwaka 2007.

Ya tatu ni hofu ya kulaumiwa. Maelezo yanayoambatana na baadhi ya chanjo nchini China yanatahadharisha kuhusu watu ambao maradhi yao sugu ni makali au yamechachamaa. Muuguzi anayeyasoma maneno hayo, kisha akamwona mbele yake mtu mwenye kisukari, huona ni salama zaidi kumrudisha nyumbani. Kwa njia hiyo, maradhi yaleyale yanayomfanya mgonjwa aihitaji chanjo yanakuwa kisingizio cha kumnyima. Tahadhari ya kuahirisha chanjo kwa mtu mwenye homa kali siku hiyo ni sahihi, lakini kisukari chenyewe si sababu ya kuahirisha.

Ya nne ni imani kwamba chanjo huleta mafua. Imani hii imo hata miongoni mwa waliosomea tiba. Chanjo ya sindano haina virusi hai, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza mtu homa ya mafua. Mkono unaweza kuuma, na homa ndogo ikamjia mtu kwa siku moja au mbili. Mwili huhitaji takriban wiki mbili kujenga kinga, na anayeugua katika kipindi hicho huilaumu sindano kwa jambo ambalo halikutoka kwake.

Ughaibuni na nyumbani

Kwa Waswahili walio nje ya Afrika Mashariki, suala hili li karibu sana. Nchi za Ghuba ni miongoni mwa zenye viwango vikubwa vya kisukari duniani. Waislamu wanaokwenda kuhiji, wengi wao wakiwa watu wazima wenye maradhi sugu, hushauriwa na wizara ya afya ya Saudi Arabia wachanjwe dhidi ya homa ya mafua kabla ya safari, kwa kuwa msongamano wa mamilioni ya watu hurahisisha maambukizi. Kuna wazee ambao nafasi yao ya kwanza ya kuisikia chanjo hii ni wanapofanya maandalizi ya hija, ingawa walikuwa wakihudhuria kliniki ya kisukari kwa miaka mingi.

Wapo pia Waafrika Mashariki walio upande wa pili wa meza. Wauguzi kutoka Kenya wamekuwa wakifanya kazi katika hospitali za Uingereza kwa miaka mingi, na Julai 2021 serikali za nchi hizo mbili zilitia saini makubaliano ya kuajiri wahudumu wa afya. Muuguzi anayeweza kumweleza mama mzee wa Kiswahili, kwa lugha yake na kwa heshima inayostahili, kwamba homa ya mafua si kamasi, ana nguvu kuliko karatasi ya matangazo iliyobandikwa ukutani.

Nyumbani mambo ni tofauti. Nchini Kenya, ambako taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, na washirika wake wamekuwa wakiifuatilia homa ya mafua tangu miaka ya 2000, imebainika kuwa virusi hivyo husambaa mwaka mzima. Hakuna majira ya baridi kali yanayowakumbusha watu, kama ilivyo Ulaya. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wanaoishauri serikali kuhusu chanjo lilipendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe. Kwa watu wazima wenye kisukari, nchini Kenya na Tanzania, chanjo hii hupatikana zaidi katika hospitali na kliniki za binafsi, na kwa malipo.

Katika hali hiyo, daktari hujiuliza kama ni haki kumshauri mgonjwa anunue chanjo ilhali hata vipande vya kupimia sukari vinamshinda bei. Ni swali la haki, na jibu lake haliko mikononi mwa daktari peke yake. Lakini kunyamaza hakumsaidii mgonjwa, kwani mwenye uwezo hukosa taarifa pamoja na asiyekuwa nao. Na kwa upande wa vifaa, pengo ni dogo kuliko linavyoonekana. Chanjo ya homa ya mafua huhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, kiwango kilekile kinachohitajiwa na akiba ya insulini. Kliniki yenye friji ya insulini tayari ina sehemu ya kuanzia.

Namna ya kulisema

Kushauri si kutaja tu. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa mazungumzo kati ya madaktari na wazazi kuhusu chanjo za watoto, wakiwamo wazazi wengi waliokuwa na wasiwasi. Daktari alipoanza kwa kuuliza wazazi wanataka kufanya nini kuhusu chanjo, asilimia 83 walipinga. Alipoanza kwa kueleza kwamba kuna chanjo za kutolewa siku hiyo, waliopinga walikuwa asilimia 26. Mzazi hakunyimwa haki ya kukataa katika hali yoyote ile. Tofauti ilikuwa katika uhakika wa anayesema.

Nchini Denmark, katika msimu wa 2022 hadi 2023, barua za kielektroniki zilijaribiwa kwa karibu watu 965,000 wa miaka 65 na zaidi. Barua iliyoeleza faida ya chanjo kwa moyo ilipandisha kiwango cha waliochanjwa kutoka asilimia 80.12 hadi 81. Ni ongezeko dogo lenye thamani kwa taifa zima, lakini linaonyesha pia kuwa barua pekee haitoshi.

Kwa muuguzi wa kliniki ya kisukari, maneno yanayohitajika hayazidi dakika moja. Kwamba homa ya mafua ni maradhi mengine, si mafua ya kawaida. Kwamba hupandisha sukari na huweza kuudhuru moyo. Kwamba chanjo haizuii yote, lakini hupunguza hatari ya kulazwa. Kwamba mkono utauma kidogo. Na kwamba yeye mwenyewe amechanjwa, ikiwa ni kweli. Anayepaswa kuepushwa ni yule aliyewahi kupata mzio mkali kutokana na chanjo hiyo au kitu kilichomo ndani yake, na hilo hujulikana kwa swali moja.

Mgonjwa naye halazimiki kungoja. Katika ziara ijayo, baada ya sukari kupimwa na miguu kukaguliwa, anaweza kuuliza: chanjo yangu ya homa ya mafua mwaka huu vipi? Huenda daktari alikuwa ameisahau kwa wingi wa kazi, na swali hilo likawa ndilo la kumkumbusha, kwa faida ya aliyeuliza na ya wale waliokaa nje wakisubiri zamu zao.